Dawa Iliyopandishwa Cheo

“Miaka yote hiyo anatafuta tu? Hata pete iliyodumbukia chooni ingekuwa imekwisha kupatikana,” alisema Bi Zawena, amesimama upande wake wa ukuta, shuka la mumewe lililolowa jasho likimning’inia begani.

“Zawena, nimekuheshimu tangu asubuhi,” Bi Fikira akamjibu kutoka upande wa pili, ungo wa mchele mapajani, bila kuinua uso.

“Usiniheshimu. Heshima haijawahi kushusha homa. Mume wangu anatetemeka mpaka kitanda kinatembea, kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Na mwanao anapita hapa kila jioni ananuka makumbi yaliyooza, ‘Shikamoo mama mkubwa, baba mkubwa anaendeleaje?’ Sasa mimi nimjibu nini? Si yeye ndiye dokta wa dawa?”

“Dokta wa kutafiti dawa.”

“Ndiyo hao hao. Wenzake aliosoma nao wana magari, yeye ana ndala. Mume hana, cheo hana, dawa hana. Sema basi, mama Siku, pale Taasisi wanampa nini zaidi ya ile harufu?”

Hapo ndipo Bi Fikira alipoweka ungo chini. Mama anaweza kusikia mengi juu ya mwanawe, lakini ndala zilimfika.

“Kwa taarifa yako, dawa anayo. Anayo kwenye chupa. Kibwana, yule mlinzi wa getini kwao, alikuwa anatetemeka kuliko mumeo, na leo anabeba magunia. Mumeo yupo kundi linalofuata, Siku akimaliza kupima vipimo. Ila aliniambia nisi...”

Akautazama ule mchele kama ndio uliosema.

Shuka likamteleza Bi Zawena begani likaanguka kwenye vumbi. “Kweli, Fikira?” akauliza, kwa sauti nyingine kabisa.

“Aliniambia nisimwambie mtu.”

Uani walikuwa wao wawili tu. Ukiondoa wasichana waliokuwa wakisubiri maji bombani, kinyozi ambaye hakuwa na mteja, na mke wa dereva wa Wizara aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Kufika adhuhuri, mtaa mzima ulijua kwamba Sikudhani wa Bi Fikira ameipata dawa ya homa ya mtetemo. Kufika alasiri, Waziri alijua. Mbuzi ya nazi haikurudishwa.

*

Msomaji wa nchi nyingine atauliza kwa nini habari njema kama hiyo ifichwe. Ana haki ya kuuliza, hakuzaliwa kwetu.

Nchi yetu inawapenda sana watafiti wa dawa, na imewawekea njia ya kazi iliyonyooka kuliko barabara yoyote tuliyo nayo. Kijana akimaliza chuo anaingia Taasisi Kuu ya Dawa Zinazokuja akiwa Mwosha Chupa. Akizitakatisha vizuri anakuwa Mtikisa Chupa. Akitikisa bila kumwaga anapanda kuwa Mtazama Chupa, na huyo sasa anaruhusiwa kuwa na maoni. Na siku akiona ndani ya chupa kitu kinachofanana na dawa, basi, safari yake imefika. Hakalii tena kigoda cha maabara. Anakalishwa.

Kukalishwa ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Inaletwa bendi, linaletwa zulia, kinaletwa kiti kikubwa chenye magurudumu, na mgunduzi anakalishwa juu yake na kusukumwa mpaka ofisi za juu, akapewe ukurugenzi. Kuanzia hapo ni mwiko kwake kushika chupa. Mkubwa anashikaje chupa? Wadogo zake watashika nini?

Ndiyo maana jengo la Taasisi lina chumba kimoja cha maabara chini, na ofisi juu mpaka shingo inauma kutazama. Mle ofisini yumo bwana aliyekaribia kupata dawa ya sumu ya nyoka. Sasa ni Mkurugenzi wa Mapazia. Yumo mama aliyekuwa ameshika, kwa ncha za vidole kabisa, dawa ya kuharisha kwa watoto wachanga. Anasimamia itifaki, yaani nani atangulie mlangoni. Nchi nyingine zina watafiti wasiogundua. Sisi wetu wote wamegundua, na wote wamekaa.

Utasema, basi aliyebaki chini aimalize ile kazi. Hilo nalo ni la mgeni. Kuendeleza kazi ya mkubwa ni kumwambia mbele za watu kwamba hakuimaliza. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi. Kwa hiyo mkubwa akishakalishwa, chupa zake zinabebwa kwa mikono miwili mpaka bustanini, zinamwagwa taratibu kwenye maua, watu wameinamisha vichwa, na anayemfuata anaanza ugonjwa mwingine. Maua ya bustani ile hayajawahi kuugua.

Sikudhani aliyaona hayo tangu akiwa Mwosha Chupa, akajifunza walichojifunza wajanja wachache wa maabara ile, nacho ni kushindwa. Alishindwa vizuri mno. Kila alipoitwa kutoa taarifa alisimama mbele ya wakubwa, akahuzunika, akasema, “Bado hatujaona kitu.” Wakubwa wakamhurumia, wakamwacha.

Kumbe alikuwa ameona. Alikuwa ameona kuvu wa rangi ya majivu kwenye makumbi ya nazi yanayofukiwa matopeni ili yaoze yatolewe usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Wasokota kamba wanaoshinda kwenye matope yale hawaugui mtetemo, akataka kujua kwa nini. Akamkuza yule kuvu kwenye chupa, akamkamua, akawapa panya maji yake, panya wakatulia. Akawapa mbuzi. Mwisho Kibwana mlinzi, aliyekuwa hawezi kufungua geti bila kulishikilia, akamwambia, “Dokta, nife nikiwa nalinda nini? Nipe.” Akampa. Kibwana akasimama.

Kilichobaki ni kujua kipimo cha mtu mzima na cha mzee, na kuipika ya kutosha. Msimu mmoja. Fundi Mshindo, mume wa Bi Zawena, alikuwa na pumzi ya msimu mmoja, labda na kidogo cha juu. Sikudhani alikuwa amepiga hesabu hiyo akiwa kwenye foleni ya sukari, akaihesabu tena, ikatosha.

*

Bendi ilifika kesho yake, kabla hata chai haijapoa.

“Ndugu wananchi,” alisema Waziri wa Afya Itakayokuja, juu ya jukwaa lililowekwa pale pale nje ya maabara, “serikali yenu sikivu imepata taarifa kupitia vyombo vyake.” Mke wa dereva akajitengeneza kilemba. “Dawa ya homa ya mtetemo imepatikana. Nani ameipata? Serikali. Kwa mkono wa nani? Wa binti huyu. Sasa nawauliza, tumwache mgunduzi wa taifa asimame kwenye chumba chenye harufu, kama mtu ambaye hajagundua kitu?”

Watu wakasema hapana. Ni swali ambalo jibu lake linajulikana.

Sikudhani alitolewa ndani na koti lake jeupe lenye madoa, mikono bado ina maji. Alisema, na walio karibu walisikia, “Mheshimiwa, nakuomba msimu mmoja. Haijakamilika. Kuna wagonjwa wanaisubiri. Nikipanda leo, itakufa.”

Waziri alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni anayekataa chakula kwa adabu. “Mmesikia unyenyekevu huo?”

“Si unyenyekevu, Mheshimiwa. Sitaki.”

Makofi yakapigwa mpaka njiwa wa paani wakaruka. Kadiri alivyokataa ndivyo alivyoonekana anastahili. Alipokishika kizingiti cha mlango kwa mikono yote miwili, mpiga picha wa Wizara akaomba abaki hivyo hivyo kidogo, mwanga ni mzuri. Kisha akakalishwa, zulia likatandazwa mbele, bendi ikapiga, akasukumwa.

Bi Fikira alikuwa amevaa gauni lake la harusini. Alifurahi mpaka lile gurudumu lilipompita na macho ya mwanawe yakakutana na yake.

Aliyeachiwa maabara alikuwa Dokta Lusajo, kijana mwema sana, na huo wema ndio ulioharibu. Sikudhani alimwita dirishani kutoka juu.

“Lusajo, mdogo wangu. Usimwage. Chukua chupa za rafu ya chini, endelea pale nilipoishia. Nitakueleza kila kitu.”

“Dada, siwezi.”

“Nani atajua?”

“Mimi nitajua. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika chupa. Niseme leo kwamba hukumaliza?”

“Sikumaliza, Lusajo. Nakwambia mwenyewe.”

“Unasema hivyo kwa kuwa una adabu, dada.” Na akamwaga kwa heshima zote, chupa moja baada ya nyingine, machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo anatafiti dawa ya vikwaruzo vya kidevuni kwa wanaonyoa. Anaendelea vizuri, maskini. Wameshaanza kumwangalia.

*

Sikudhani akawa Mkurugenzi wa Ugunduzi Uliofanikiwa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mashuleni kuwaeleza wanafunzi njia za kazi katika utafiti wa dawa. Alipewa gari, dereva na viatu vya visigino. Zile ndala zilichukuliwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo ukumbini.

Alifikiri kwa kichwa chake cha kimaabara. Kama kufaulu kunapandisha, akajiambia, basi kuharibu kutashusha. Akaanza kuharibu.

Alichelewa kazini. Wakasema, ameanza kuzoea. Akachelewa zaidi, wakasema ameiva. Alilala katikati ya mkutano, akakoroma makusudi. Mwenyekiti akawaashiria wengine wapunguze sauti, Mkurugenzi anatafakari. Alipotea ofisini kwa wiki nzima, akarudi akakuta wamemwongezea msaidizi wa kusema kwamba ametoka kidogo. Mwishowe akamwendea Waziri mbele za watu, akamwambia usoni, “Mheshimiwa, huelewi chochote kuhusu dawa, na watu wanakufa kwa kutoelewa kwako.” Waziri akacheka mpaka akatoa leso. “Huyu sasa ni mwenzetu,” akasema. “Mnaona anavyoongea na mimi? Kama ndugu.” Jioni ile akapewa ghorofa ya juu zaidi.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa kantini, alivua viatu vyake, akateremka ngazi zote kwa miguu mitupu mpaka mlango wa maabara. Mfukoni alikuwa na kipande cha kumbi alichokitoa matopeni kwa mkono wake. Mlangoni alimkuta Kibwana, siku hizi mlinzi wa maabara.

Kibwana alisimama wima, miguu imara, mabega yamejaa. Hakuna aliyewahi kumwona mlinzi mwenye afya kama ile.

“Bosi,” akasema, na akainamisha macho.

“Kibwana, nipishe.”

“Bosi wangu, usinifanyie hivyo. Kukuruhusu uingie ni kukushusha. Nitakushushaje wewe, mtu uliyenisimamisha?”

“Nakuomba.”

“Nikifukuzwa kazi wanangu watakula nini? Ile siku nilikuwa mtu wa kufa, sikuwa na cha kupoteza. Sijafa. Ninaishi, ndiyo maana nipo hapa.” Akauziba mlango kwa mgongo. “Uzima wangu huu ni wako, bosi. Omba kingine chochote.”

Walisimama hivyo wote wawili, karibu karibu, mpaka kengele ya kantini ilipolia. Kisha Kibwana akamshika mkono taratibu, kama mtu anavyomshika mama yake mzazi, akampandisha ngazi.

*

Fundi Mshindo alikuwa amebaki macho na maneno. Kila kingine kilikwishaondoka.

Sikudhani alikuwa akimtembelea alasiri, mtetemo unapopungua, akikaa kwenye jamvi karibu na kile kitanda. Bi Zawena alimfungulia mlango bila kusema neno na kumfungia bila kusema neno. Na Bi Fikira, tangu siku ile ya ukutani, hakuwa ametia mguu kwa jirani yake. Walichambua mchele, mmoja huku na mmoja kule, migongo imeelekeana.

“Nasikia wamekupa kiti,” Fundi alimwambia mara moja.

“Wamenipa, baba mkubwa.”

“Cha mbao gani?”

“Si mbao. Ni chuma, na sponji, na ngozi ya bandia juu.”

Fundi alifumba macho kwa muda. Sikudhani akafikiri amelala. “Basi hawakukuheshimu sana,” akasema. “Kinalia ukikikalia?”

“Kinalia.”

“Kitakuwa skrubu ya katikati. Wanaikaza upande mmoja tu.” Mtetemo ukamshika, ukampitia, ukamwacha. “Ningepona ningekutengenezea kingine. Chepesi. Ambacho mtu anaweza kuinuka.”

Sikudhani akataka kusema neno, akashindwa. Yeye aliyeshindwa kwa ustadi mbele ya wakubwa miaka yote, safari hii alishindwa kweli.

“Usilie, Siku. Mke wangu ataona, atafikiri nimekusema vibaya.”

“Ilikuwa msimu mmoja tu, baba mkubwa. Nilihesabu.”

“Najua. Zawena aliniambia ile ile siku. Alikuja mbio, hata shuka hakuniletea.” Akatabasamu. “Ulikuwa usiku mzuri ule. Tulilala tunaongea kama watoto, nitakachofanya nikipona. Hukunipa dawa, lakini ule usiku ulinipa wewe.”

Alikufa kabla mvua za vuli hazijakatika, akiwa juu ya kitanda chake, na kitanda kikatulia.

*

Waziri alikuja mazikoni na bendi, ila ilikaa kimya kwa heshima. Alipewa nafasi ya kusema maneno machache, akasema mengi.

“Ndugu wafiwa, zamani watu wetu walikuwa wakifa kwa magonjwa yasiyo na dawa. Ilikuwa aibu. Leo Fundi Mshindo, mpendwa wetu, amekufa kwa ugonjwa ambao dawa yake imekwisha kugunduliwa, na hapa hapa nchini, na kijana wa mtaa wake mwenyewe. Niambieni, kama si maendeleo, hayo ni nini?”

Watu walitazama chini. Ni swali ambalo jibu lake linajulikana, lakini siku hiyo hakuna aliyelijibu.

“Na mgunduzi mwenyewe yupo nasi,” Waziri akaendelea, akinyoosha mkono. “Mkurugenzi, simama wakuone.”

Sikudhani alikuwa amekaa chini, kwenye mchanga, na wanawake wengine, kanga kichwani. Hakuinuka. Waziri alisubiri kidogo, kisha akaeleza kwamba mgunduzi hatakiwi kusimama, ni utaratibu, alikuwa amesahau yeye.

Matanga yakapita. Waliokuja na sufuria wakarudi na sufuria zao, mabenchi ya kukodi yakabebwa, mtaa ukarudia kelele zake. Hiyo ndiyo sehemu mbaya ya msiba, watu wakishaondoka. Nyumba iliyojaa hadi ukumbini inabaki na mwenye nyumba na kile kitanda. Asubuhi moja Bi Zawena alifagia ua, na alipomaliza akaufagia tena.

Siku hiyo Sikudhani alikuwa anasubiriwa shuleni kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha nne juu ya njia za kazi. Gari lilikuwa limesimama barabarani, injini inanguruma. Dereva alimwona akitoka kwao na viatu vyake vya visigino, akalipita gari, akaenda mpaka mlango wa jirani, akasimama pale bila kubisha. Alisimama muda mrefu hadi dereva akazima injini.

Bi Zawena alikuwa anamwona kupitia upenyo wa mlango. Alimwacha asimame kwanza. Kisha akafungua.

“Unataka nini, Siku?”

“Sijui, mama mkubwa. Nilikuwa naenda kazini.”

“Huko kazini wanakusubiri?”

“Wananisubiri. Watoto wa shule. Niwaambie wasome sayansi.”

“Utawaambia nini?”

Sikudhani alitazama miguu yake. “Nilikuwa nawaambia njia imenyooka. Leo nimeamka, maneno hayaji.”

Bi Zawena aliegemea mwimo wa mlango. Alikuwa amepungua, kanga imemzunguka mara nyingi kuliko zamani. “Nilimchukia mama yako,” akasema. “Kwamba hakufunga mdomo. Halafu nikakumbuka ni mimi niliyemchokonoa, na zile ndala. Ningenyamaza, angenyamaza. Basi nikajichukia mimi. Nikachoka.” Akashusha pumzi. “Na wewe nilitaka nikuchukie. Nilikaa kabisa, nikajaribu.”

“Unaweza kunichukia, mama mkubwa.”

“Nisikilize. Asubuhi hii nimepika mihogo ya nazi, na dagaa. Nimeepua, nikapakua, ndipo naona sahani mbili. Mkono unapika bado kama nyumba ina watu. Jana nilimwagia kuku. Leo sikuweza.”

Kule upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu aliyeacha kuchambua mchele.

“Fikira,” Bi Zawena akaita bila kugeuza kichwa, “najua upo hapo. Njoo na kikombe chako, vyangu vilivunjwa matangani.”

Kisha akampisha Sikudhani mlangoni.

“Na wewe vua hivyo viatu, mwanangu. Ingia ule.”